Karatasi ya Kuuliza Kama Nimeridhika

Hainitoki asubuhi ile, mwanangu. Ndiyo, wewe unayetaka kuwa mwalimu wa wauguzi nakuita mwanangu ingawa sina mvi. Nimezaa na nimeogopa, na hayo mawili humkomaza mtu haraka. Bendera yetu ilikuwa mpya, lakini metroni wetu, mkuu wa wauguzi hapa hospitali ya Kakamega, alikuwa yule yule Mwingereza, na walimu tulikuwa wawili tu.

Wizara ilileta karatasi kuuliza kama tumeridhika na kazi. Jina lisiandikwe, ati. Watu wawili! Metroni akasimama nyuma ya viti vyetu tukijaza. Mwaka uliotangulia mwenzetu mmoja alilalamika, akahamishiwa jangwani mtoto wake hajaota meno. Wangu alikuwa na miezi miwili, nimemwacha kwa jirani kule mtaani Shieywe, na maziwa yalinilowesha kifua nikiandika. Kila swali, hata lile la likizo ya uzazi, nikajibu: nimeridhika sana.

Wodini nikamsimulia Mama Nekesa, mkunga mzee aliyenizalisha, nikijiona mjanja. Hakucheka.

"Mukhana, binti yangu, wiki jana ulimwadhibu mwanafunzi kwa kuandika joto la mgonjwa bila kumpima. Alisema alikuogopa. Sasa wewe unafundishanga nini?"

Nikakimbilia ofisini kuiomba ile karatasi. Bahasha ilishafungwa, na metroni akaniuliza kwa upole kama kuna jambo. Nikasema hakuna.

Baada ya miezi jibu likaja: kwa kuwa walimu wameridhika, yule wa tatu tuliyemwomba hahitajiki. Mwenzangu akaugua, nikabaki peke yangu na darasa zima na wodi zote, na mtoto wangu akaacha ziwa kabla ya wakati. Hasira hiyo sijaitua hadi leo, na nusu yake ni juu yangu mwenyewe.

Mficha uchi hazai, walisema wazee. Sisi wa leba, tunaozalisha, tunalijua hilo kuliko wengi. Kesho karatasi inakuja tena. Naogopa, sikudanganyi. Lakini nitaandika sijaridhika, na sababu zote, hata metroni akinisimamia kichwani.

Nawe siku ukiulizwa, mwanangu, jipime kwanza ndipo uandike. Usingoje woga uishe, hauishi. Mungu akupe mkono usiotetemeka. Na ukitetemeka, aushike, uandike hivyo hivyo.