Wavamizi wa Stush na Ubaridi wa Fainali

Stush Wojtasik alifanya kazi miaka thelathini na moja katika kiwanda cha chuma cha mji wetu wa Kessler. Kiwanda kilipofungwa, kilimwachia mgongo uliopinda kidogo na masikio mabovu. Baba yangu alikuwa naye zamu moja. Baba alipofariki, Stush alikuja kila asubuhi ya theluji kutusafishia njia, hakuombwa, na wala hakubisha hodi. Mama alikuwa akiona koleo likipita dirishani anasema, "Huyo kaja," basi, siku inaanza.

Si mtu wa maneno. Akizungumza huzungumza taratibu, karibu kunong'ona, maana hajui sauti yake inafika wapi. Ndiyo maana watu walishangaa, mwaka ule kiwanda kilipofungwa, aliposema anakwenda kufundisha mpira shuleni. Makocha wa mpira wetu, ule wa Kimarekani, wa yai na kofia ngumu, ni watu wa kufoka. Stush aliwafundisha vijana wanne wa mbele kwa kuwashika mabega na kuwaonyesha. Weka mguu hapa. Mkono huu chini ya kwapa la mwenzako. Sasa pita.

Kazi ya hao wanne ni moja tu. Wapinzani wanapokuwa na mpira, mrushaji wao husimama nyuma ya ukuta wa vijana watano wazito, akitafuta wa kumrushia. Wale wanne hutakiwa kuuvunja ukuta na kumwangusha kabla mpira haujamtoka mkononi. Sisi tunawaita wavamizi, na wavamizi wa Stush walijulikana bonde zima la mto Monongahela. Msimu wa 2007 waliangusha warushaji mara hamsini na tatu katika mechi kumi na nne. Kuna mama mmoja wa mji jirani aliyemkataza mwanawe asije Kessler bila kuungama kwanza.

Ila tukifika fainali ya jimbo, kule mashariki, wavamizi wanapoa.

Tulifika mara nne, na mara nne tulishindwa. Mwaka 1990 walimwangusha mrushaji mara moja. Mwaka 1994 hata mara moja haikuwepo. 1999, mara mbili, na moja kati ya hizo mrushaji alijikwaa mwenyewe. 2003, moja. Vijana walikuwa wengine kila mara, lakini ugonjwa ulikuwa uleule.

Kila mtu mjini alikuwa na dawa yake. Kinyozi alisema ni woga. Mwenye duka la misumari alisema ni nyasi za kule mashariki, laini mno. Padri alisema ni majivuno, na akatazama upande wa Stush. Wengine walisema, na hili lina ukweli, kwamba anayefika fainali si mtu wa kubahatisha: ana ukuta bora, ana mrushaji anayeachia mpira upesi, na amekaa wiki nzima akikuchunguza. Stush alijaribu yote. Mwaka mmoja aliwakimbiza vijana mlimani mpaka wakatapika. Mwaka mwingine aliwapumzisha mpaka wakanenepa. Mwaka 2003 aliwakataza pierogi za mkewe, Bernadine, viazi na jibini ndani ya unga uliochemshwa, na Bernadine hakusema naye kwa siku tisa. Stush anadai zilikuwa nne.

Mwaka 2007, tulipofuzu kwa mara ya tano, Kocha Mkuu Dattilo alimwita pembeni. Alimwambia kwa heshima, mkono begani, kwamba anamshukuru kwa miaka ishirini na moja. Lakini wavamizi wakipoa tena Jumamosi, mwakani kazi ile atapewa kijana mmoja wa Pittsburgh mwenye kompyuta. Stush alikuwa na miaka sabini. Alikuja kwangu, mimi nafundisha hisabati pale shuleni na ndiye ninayemshikia saa ya kupimia sekunde, akaniomba Jumanne niende kwake tutazame kanda zote za zamani.

Tulikaa jikoni. Bernadine alikuwa mezani anabana kingo za pierogi, unga mpaka kwenye viwiko. Stush aliweka kanda, mimi nikapima. Nyumbani Kessler, wavamizi walimfikia mrushaji kwa sekunde mbili na nusu. Fainali, sekunde tatu na kitu. Mrushaji mzuri anaachia mpira katikati ya hapo. Nusu sekunde, basi. Na ndani ya nusu sekunde hiyo mzee alikuwa anapoteza kazi yake.

Alizirudisha kanda nyuma mara tano, mara sita. Mwisho akavua miwani. "Miguu ni ileile," alisema. "Mikono ni ileile. Nimeuliza kila mtu."

"Hujauliza kila mtu," alisema Bernadine, macho kwenye unga.

"Nani sijamuuliza?"

Bernadine aliinua sauti. "Mimi, mzee. Nakaa jukwaani miaka ishirini na moja, nyuma ya kichwa chako kile kile. Hujaniuliza hata siku moja."

Stush alinitazama kama anayetaka nimtetee. Nilikuwa nimepima sekunde miaka kumi na mbili na mimi pia sikuwahi kumuuliza.

"Haya, mama," akasema. "Nakuuliza."

"Kule hatupigi kelele."

Bernadine alirudia mara ya pili, kwa nguvu zaidi, kisha akanionyesha televisheni kwa kidevu. Ndipo nilipotambua kwamba tulikuwa tumetazama saa mbili nzima bila sauti. Stush hutazama kanda zake hivyo siku zote. Sauti ina faida gani kwake? Nikaiongeza mpaka mwisho. Kanda ya nyumbani ililipuka. Watu elfu mbili walikuwa wanagonga mifuniko ya masufuria, mabomba, vipande vya reli, kila chuma kilichowahi kutoka kiwandani mfukoni mwa mtu. Mrushaji wa wapinzani alikuwa anapayuka kuwahesabia wenzake wajue lini waanze, na wenzake wanageuza vichwa, hawamsikii. Ukuta unamsubiri mrushaji. Wavamizi wanausubiri mpira tu. Mpira ulipotikisika, wavamizi walikuwa wameshaondoka, na ukuta bado unauliza.

Kisha tukaweka fainali ya 1999. Sauti ya mrushaji wao ilisikika wazi, moja, mbili, na ukuta mzima ukainuka pamoja kama watu wanaosimama kwa Injili. Kwenye jukwaa letu mtu alikohoa.

Stush aliinuka akaweka kiganja juu ya televisheni. Aliniomba nirudishe ya kwanza. Nikairudisha, na niliona mkono wake ukitetemeka pamoja na kile kisanduku. Nikaweka ya pili. Mkono ukatulia.

"Nilijua wanagonga," alisema. "Niliona mikono yao. Sikujua ni kazi."

Sasa mtu angeweza kudhani hapo mambo yaliisha. Lakini Bernadine alifuta mikono kwenye aproni, akaifuta tena ilhali ilikuwa safi, akatueleza habari ya gazeti. Mwaka 1990, baada ya nusu fainali, gazeti moja la mashariki liliandika kwamba watu wa Kessler walikuja na masufuria kama wanaofukuza dubu jikoni. Aibu ilimshika. Wiki ile aliwakusanya wanawake katika ukumbi ulio chini ya kanisa, wakakubaliana: tukienda mashariki, tunaenda kama watu. Makoti ya Jumapili, glavu, kuketi na kupiga makofi kwa adabu. Na tangu hapo ikawa ndiyo desturi, mpaka wasichana waliozaliwa baadaye hawakujua imetoka wapi.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema Stush.

"Ni mimi. Na mwaka 1999 nilishaanza kushuku. Sikusema. Ningesemaje? Niseme mume wangu ameshindwa mara tatu kwa sababu mimi nimevaa glavu?"

Nilitazama chini. Kuna wakati katika jikoni za watu unapotamani ungekuwa kiti. Nilifikiri juu ya ile miaka minane, chakula cha jioni baada ya chakula cha jioni, Stush akichora mishale kwenye karatasi na mkewe akimpakulia. Sijaolewa tena tangu nilipoachwa, na watu huniuliza kwa nini. Siku nyingine nitawajibu kwa habari hii.

Mwishowe Stush akachukua pierogi moja mbichi, akaibana ukingo uliokuwa umeachia. "Basi Jumamosi utaanza wewe, mama," akasema.

Jumamosi, saa saba mchana, langoni, walinzi wa uwanja mkubwa waliwanyang'anya watu mifuniko yote. Chuma hakiruhusiwi. Waliirundika kwenye mapipa, mifuniko mia kadhaa, na watu wetu wakaingia mikono mitupu na makoti ya Jumapili, kamera za televisheni zikiwatazama. Unajua kilichofuata. Waliketi. Nilikuwa pembezoni mwa uwanja na saa yangu, na niliwaona wamenyooka kama waliokuja kupigwa picha ya pasipoti. Mpaka mapumziko tulikuwa nyuma, kumi na tatu kwa sifuri, na mrushaji wao alikuwa hajachafua hata magoti. Dattilo alimtazama Stush mara moja tu, na ile mara moja ilitosha.

Kipindi cha pili kilipoanza, Stush aliwapa vijana wake mgongo. Alitembea mpaka kwenye uzio chini ya jukwaa, akavua kofia, akasimama anamtazama mkewe. Wapinzani walikuwa wamejipanga na mrushaji ameanza kuhesabu.

Bernadine alisimama. Aliangalia kulia na kushoto, akavua glavu, akaziweka kwenye mkoba na kuufunga. Kisha akapaza sauti ambayo amekuwa akiipaza uani kila jioni kwa miaka arobaini na sita, sauti pekee duniani inayomfikia mumewe akiwa bandani. "Stush! Chakula!"

Watu walicheka. Halafu mwanamke wa nyuma yake, mke wa Ferenc Balog, akasimama akamwita Ferenc. Mwingine akamwita Orest. Hapo ndipo nilipoelewa nini wanacho watu wa Kessler ambacho walinzi hawakuweza kukitia pipani: kila mwanamke pale alikuwa ameishi na mume aliyeharibikiwa masikio kiwandani. Koo zao zilikuwa na mazoezi ya maisha. Jukwaa lote likainuka na kuita wanaume, walio hai na wasiokuwepo. Katikati ya kelele ile nilimsikia mama yangu akimwita Emil, na Emil ni baba, na sikumbuki nilifanya nini na saa.

Mrushaji alipayuka. Mtu mmoja wa ukuta aliruka mapema, mwamuzi akapuliza filimbi. Mara ya pili wakaruka wawili. Mara ya tatu hakuruka mtu kabisa, na wavamizi wetu walimkuta mrushaji bado ameangalia pembeni. Walimwangusha mara nne kipindi kile. Tukafunga mara mbili, alama saba kila mara, kumi na nne kwa kumi na tatu. Dakika ya mwisho wapinzani walikuwa na mpira, wakihitaji mrusho mmoja mrefu. Stush alikuwa bado ameupa uwanja mgongo, anatazama mvuke ukitoka kwenye vinywa elfu mbili.

Nilimgusa bega. Akauliza kama wamemfikia. Nikamwonyesha kwa vidole: vijana wetu wanne, na mrushaji chini yao.

Jumatatu Dattilo alikuja nyumbani kwa Stush na keki ya duka. Bernadine hakuwa na sauti, amejifunga skafu shingoni. Kwa kawaida yeye ndiye humwambia mumewe tena, kwa sauti, maneno ya wageni. Kwa hiyo Dattilo alilazimika kujisemea. Alisema alikosea, na mwakani kazi ni ya Stush.

Stush aliinama mbele, mkono nyuma ya sikio. "Unasemaje?"

Dattilo akarudia, juu zaidi.

"Unasemaje, Kocha?"

Dattilo akasimama katikati ya jikoni, akapiga kelele kwamba alikosea, mpaka jirani akafungua dirisha. Stush aliitikia kwa kichwa, akamkatia keki. Bernadine alikuwa ameshika meza, machozi yanamtoka kwa kicheko kisicho na sauti. Alichukua penseli akaniandikia pembeni mwa gazeti: *Kasikia tangu mara ya kwanza.*