Farasi Peku, Fundi Peku

Jamani, leo nimeitwa mwendawazimu mbele ya majirani zangu!

Farasi wangu Mawingu, anayebeba wageni hapa Lushoto, anachechemea mwezi wa pili sasa. Fundi wetu wa kwato dawa yake ni moja tu: viatu vipya vya chuma, misumari mipya. Kila akipigilia, mnyama anazidi kuumia.

Asubuhi nimeng'oa vyuma vyote, nikampakia kwenye Fuso. Anakwenda Magoma, kwa mama mmoja anayetibu kwato kwa kuziacha peku mpaka zikomae zenyewe.

Fundi kusikia hivyo, huyo, kaupanda mlima kuja kunizuia.

"Shikamoo, fundi."

Marahaba haikutoka.

"Farasi atembee peku? Kwenye milima hii? Una wazimu wewe!"

Nikamtazama miguuni. Mvua imenyesha tangu alfajiri, njia yote utelezi.

Mtaalamu wetu kavishika viatu mkononi, kama sisi sote tunavyofanya. Vidole vimeng'ang'ania matope barabara.

"Fundi, mbona umevua viatu?"

"Nisiteleze."

Kalisema mwenyewe, kwa mdomo wake.

Wasambaa wenzangu, mwendawazimu ni nani hapa?