Pini Chini ya Kitambaa

Nimekaa na aibu hii miezi kadhaa nikijidanganya kwamba watu wa Kaagya, kijijini kwetu, wataisahau, lakini juzi mwenye duka ninaponunua sukari hapa mjini Miembeni aliniuliza, huku anacheka, kama redio yetu imepona, kwa hiyo heri mlisikie jambo lenyewe kutoka kwangu, kwa mpangilio, kabla halijatiwa chumvi zaidi.

Tata, yaani baba yetu, alifariki akaacha kaseti moja aliyojirekodi mwenyewe, na agizo lake lilikuwa kwamba ichezwe mbele ya ukoo siku ya kuondoa matanga. Sote tulijua ndani yake kuna neno kuhusu kibanja: migomba, mibuni, nyumba na makaburi ya babu zetu. Na sote tulijua kwamba Baba mdogo Novati, mdogo wa marehemu anayeishi Ngenge, alikwisha kutamka msibani kuwa kibanja cha ukoo hakiachwi mikononi mwa mjane. Mjane mwenyewe ni mama yangu. Hasira yangu ilianzia hapo, na sikuificha, maana Baba mdogo alipofika nilimpa mkono nikitazama migomba.

Siku moja kabla, alasiri, niliamua kuijaribu kaseti nione kama bado inasikika. Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi, nami sikutaka sauti ya marehemu imkute ghafla na kisu mkononi, basi nikachomeka hedifoni zangu kwenye resiva ya Tata (ile kubwa nyeusi yenye sehemu ya kaseti na spika mbili zinazonifika kiunoni). Waya wa hedifoni zangu una ncha nyembamba na tundu la resiva ni pana, kwa hiyo niliuvisha pini nene ya kuunganishia. Nikasikiliza dakika mbili tu, salamu na sala, nikairudisha kaseti mwanzo, nikavuta waya, nikashusha kile kitambaa cheupe alichofuma Mama, kinachofunika resiva mpaka usoni. Uamuzi mdogo, wa huruma kabisa!

Kesho yake baada ya misa ukoo ukajaa sebuleni na uani, milango wazi, akamwani (zile buni zetu za kutafuna) zikizunguka katika kikapu kidogo. Mzee Mutalemwa, mkubwa wa ukoo, akasema, "Projesti, tupe sauti ya baba yako."

Nikapenyeza kidole chini ya kitambaa, nikabonyeza. Kimya.

Nikaongeza sauti. Kimya. Nikazungusha kitufe mpaka mwisho wake, nikainama nyuma, nikakaza nyaya, nikahamisha ya kulia kwenda kushoto, jasho likinitoka ndani ya koti, na Mzee anauliza, "Imeanza? Mbona mimi sisikii?" na shangazi mmoja anamjibu, "Hakuna anayesikia, waitu, mzee wetu, si masikio yako." Uani wakacheka. Taa inawaka, kaseti inazunguka, spika zimekufa.

Ndipo nikaona spika ya kushoto imesogezwa, na pembeni yake, miguu imenyooshwa, ameketi Baba mdogo Novati.

"Baba mdogo, umefanya nini hapa?"

"Nilisogeza nipate pa kuweka goti langu hili bovu."

"Goti! Umekata sauti ya marehemu ili mama yangu afukuzwe, halafu unaniambia goti?"

Nilisema hivyo, mbele ya ukoo mzima. Nikaongeza kwamba ametoka Ngenge na njaa ya kibanja, nikaongeza na mengine ambayo siyaandiki. Alirudisha buni yake kikapuni bila kuitafuna, akakisukuma kikapu mbali na goti lake, na kwetu mtu akikataa akamwani yako mbele ya watu hakuna asiyeelewa kwamba undugu umevunjika. Mama alisema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, unaniharibia." Kweli nilimharibia, kwa sababu watu waliokuwa upande wake wakaanza kumwonea huruma Novati.

Dada yangu Koku ndiye aliyeinuka. Akafunua kitambaa (mimi kwa nusu saa nzima sikukifunua!), akainama, akasema, "Kaka, hii pini ni ya nani? Ikiwa humu spika hazitoi sauti." Akaichomoa.

Kumbukeni kitufe nilikiacha mwisho kabisa, na kaseti haikuacha kuzunguka. Sauti ya Tata ikalipuka, madirisha yakatetemeka, kuku wakatawanyika, waliokuwa wakipita barabarani wakasimama, na maneno ya kwanza ukoo uliyoyasikia kutoka kwa marehemu yalikuwa haya: "...Projesti nampenda, lakini hasira yake hufika kabla ya masikio yake."

Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mzee Mutalemwa akasema, "Hapo sikupata vizuri. Rudisha mwanzo."

Nikarudisha, kwa mkono wangu. Tukasikia yote: kibanja ni cha Mama mpaka Mungu amwite, mtu yeyote asimtoe, na msimamizi wake awe Novati, kwa sababu Projesti nampenda, lakini. Mara ya pili.

Baba mdogo alikuwa analia. Akasema, "Kaka amesema. Shemeji hatoki hapa." Nikachukua kikapu, nikapiga magoti mbele ya lile goti bovu. Akachukua buni moja, akaitafuna polepole sana, naamini kwa makusudi.

Hasira bado ninayo, ila sasa namjua mwenye kuistahili. Ile pini natembea nayo mfukoni. Kitu chochote kikinyamaza, iwe redio au mtu, nitafunua kwanza kitambaa nilichokishusha mwenyewe.