Shafti ya Feni na Mvua ya Mawe

Kericho mvua huja mchana, na kila mtu hulijua hilo. Siku hiyo nilitamani mtu anidanganye kwamba haiji.

Nilikuwa mwanafunzi wa uhandisi, kabla sijakimbilia uandishi, ambako kosa hufutika. Nilikuwa nikijifunza kazi katika kiwanda cha majani chai karibu na Roret. Feni kubwa ya kupulizia majani mabichi hewa ilikuwa imesimama, na majani ya wakulima yalikuwa yamelala kwenye vitanda vya kunyaushia, yameanza kupata joto. Shafti mpya, mhimili wa kuizungusha feni, ilikuwa imeshakerezwa, ila haijalainishwa pale inapokaa sili, raba ya kuzuia mafuta. Chuma kilichotoka kukerezwa kina matuta madogo kama shamba lililolimwa. Matuta hayo hula sili, mafuta yakavuja na kupeperushwa juu ya majani. Dawa ni kukandamiza gololi ngumu kwenye shafti inapozunguka katika mashine ya kukereza. Gololi hainyoi kitu, inalaza matuta tu.

Fundi wa mashine alikuwa ameenda matanga Merigi. Msimamizi akanitazama.

“Injinia, si umesoma hii kitu?”

“Nimesoma, mzee.”

“Basi ni yako. Na utoe hiyo sweta. Mashine haijui wewe ni wa yunivasiti.”

Nikavua, nikawasha mashine. Ukizidisha nguvu, ngozi ya chuma hubanduka. Na stima ikipotea, kama ilivyozoea mvua ikija, gololi ikiwa imebana, shafti husimama na kovu. Chuma kingine hatukuwa nacho, na umeme wa jenereta haukufika karakana.

Gololi iligusa. Nyuma yake shafti ikaanza kung’aa, polepole mno. Mara mvua ya mawe ikapiga mabati, nisiusikie tena mlio wa gololi, niliofundishwa kuusikiliza. Kila radi ilipopiga, mkono wangu uliirudisha gololi nyuma wenyewe.

“Wewe, kijana! Unafanya kazi ama unafukuza kuku?” msimamizi alipaza sauti.

“Naogopa stima, mzee!”

“Hata mimi! Lakini ogopa ukiwa umeshika!”

Nikashika. Radi nyingine, nikaruka, gololi ikarudi nyuma. Taa zikazimika. Shafti ikazunguka yenyewe gizani, ikachoka, ikasimama bila kovu.

Stima iliporudi nikaanza upya, nikamaliza. Msimamizi akafumba macho, akapitisha ukucha mahali pa sili, akarudia. Haukukwama.

“Uoga wako unajua saa,” akasema.

Jioni shafti ilifungwa, feni ikazunguka, wenzangu wakaenda kunywa chai. Mimi nilibaki kando ya vitanda, nikiokota jani moja moja na kulinusa, nikitafuta harufu ya mafuta.