Tulimpindua mwenyekiti wetu hapa London kwa mtindo wa Australia, sasa sijui nirudi vipi mlangoni kwake

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Naanza na gharama, maana mimi ni mtu wa soko na sipendi mtu asome mpaka chini ndipo aulize bei. Hii ishu imenigharimu mwenyekiti mmoja na rafiki mmoja. Ni mtu huyohuyo, nimehesabu mara mbili. Na mambo yakibaki yalivyo, itamgharimu mama mmoja kaburi la kwao.

Majina nimebadilisha na la chama nimelificha. Yaliyobaki yote yametokea, sijayaongezea chumvi. Natamani ningekuwa nimeyaongezea.

Niko London mwaka wa kumi na kitu sasa. Nauza masanduku ya safari na mabegi soko la Walthamstow. Mteja wa pale anakuuliza bei, anaondoka, anazunguka soko zima, anarudi kukuambia kwa jirani ni rahisi. Namwambia nenda kwa jirani. Haendi.

Tuna chama chetu cha kuzikana. Mnajua vinavyokwenda: mnachanga kila mwezi, mwanachama au mtu wa nyumba yake akifariki mwili unarudi nyumbani, familia haianzi kutembeza bakuli. Tunakutana Jumapili moja kila mwezi, Neasden, ghorofani kwa Bwana Jayanti. Huyu ni Mhindi mzaliwa wa Moshi, ana duka la nafaka na viungo, chumba anatupa bure kwa sharti la kutoacha sufuria chafu. Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha watoto wetu.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Elia. Mpare wa Ugweno, dereva wa basi mstaafu, anakaa Kilburn na mkewe Mama Neema na binti yao Neema. Kiti amekikalia tangu chama kinaanza, kwa sababu chama kilianzia mezani kwake.

Niwape picha ya watu hawa. Mama yangu alipofariki Tanga, Mzee Elia ndiye aliyenikatia tiketi kwa fedha za chama kabla sijamaliza kulia. Mkewe akaja kunifungasha. Akatafuta begi, hakuna. Muuza mabegi mzima sina begi, yote mali ya kuuza, na akili ilivyokuwa siku hiyo hata haikunijia kwamba naweza kuchukua moja. Mama Neema akarudi Kilburn, akamwaga nguo zake kitandani, akaniletea begi lake jekundu.

Nikaenda, nikazika, nikarudi. Begi sikulirudisha. Si kwa ubaya, likakaa tu.

Turudi kwenye siasa.

Baada ya kikao huwa tunakula. Mama Neema alikuwa anatuma ndizi na nyama, sufuria imefungwa kwa kanga, Mzee Elia anakuja nayo ndani ya basi ameipakata kama mtoto. Tukishashiba tunapiga siasa. Za nyumbani tulikubaliana tusiziguse, zilishavunja kiti kimoja cha Bwana Jayanti. Tukawa wachambuzi wa siasa za watu.

Na Uingereza ilitulisha vizuri. Wamebadilisha viongozi wa chama tawala hapa mpaka ukienda likizo Dar, ukirudi unauliza kwanza nani yuko pale mlangoni kwa waziri mkuu.

Mtaalamu wetu alikuwa Deo, mhasibu, aliishi Melbourne kabla ya kuja huku. Deo alikuwa anasema Waingereza wanajichelewesha kwa adabu, barua za siri, kamati, wiki nzima ya minong'ono. Waaustralia wana kitu kinaitwa spill. Wabunge wa chama wanaingia chumbani, mlango unafungwa, kiti kinatangazwa kuwa wazi, kura zinapigwa. Aliyeamka waziri mkuu analala mbunge wa kawaida. Wananchi wako kazini, hawajaitwa popote. Hakuna bomu la machozi.

Mzee Elia hakuipenda hiyo hadithi hata siku moja. Alisema huo ni uhuni uliovaa tai. Kwamba mtu uliyekula naye humpigii kura, unamfuata kwake, mnakwenda wawili, mnamwambia mzee umechoka, tusaidie.

Deo akamuuliza, "Na asipotaka je, mzee?"

"Ukifika kwake ukala chakula chake, atataka."

Tulicheka sana. Mimi nilikuwa upande wa Deo, niseme ukweli. Niliona ni kama soko: tunda likilegea unalitoa mbele ya meza, huliitishii kikao.

Basi. Mwaka huu Mzee Elia akaanza kulegea.

Simu hapokei. Kikao kikaahirishwa, kikaahirishwa tena, kwa ujumbe wa mstari mmoja usio na sababu. Akija anakuja amechelewa, koti havui. Na sufuria ikakoma. Tukawa tunaletewa biskuti, zile za dukani, za pakiti.

Wakuu, mimi ndiye niliyezihesabu zile biskuti. Nikasema mbele za watu kwamba hazifiki hata mbili kwa kila mtu, kwamba huduma imeshuka. Watu wakacheka. Mzee Elia alikuwa chini anaongea na simu, hakusikia. Nadhani hakusikia.

Siku hiyohiyo Deo akatania, "Hapa panahitajika spill." Tukacheka tena. Jioni likaundwa kundi la WhatsApp, wanachama wote ndani isipokuwa yeye. Ukiona kundi la pili limeundwa bila mtu mmoja, jua huyo ameshaondoka, bado kuambiwa tu.

Hakuna aliyeuliza sufuria imekwenda wapi. Watu wazima, wengine manesi humo ndani, hakuna aliyeuliza.

Jumapili ya kikao akaja, koti mwilini. Deo akasimama, akashukuru kwa utumishi, akasema kwa kuzingatia maoni ya wanachama kiti kinatangazwa kuwa wazi. Vikaratasi tayari vilikuwa vimekatwa. Mimi nikachaguliwa kuhesabu, kwa sababu kila mtu anajua mimi nahesabu mara mbili.

Kumi na moja wanataka abadilishwe. Kumi hawataki.

Nikarudia. Kumi na moja, kumi.

Ndiyo, na yangu ilikuwa kwenye zile kumi na moja. Hiyo hesabu mnaweza kuipiga wenyewe.

Sasa sikieni tulichofanya baada ya hapo, maana kura ningeweza kuielezea kwa mtu. Hiki siwezi.

Kwenye TV ya hapa tumeona mara nyingi: kiongozi akishaangushwa, walewale waliomwangusha wanasimama wanampigia makofi. Ndiyo heshima yao. Deo akasimama akapiga makofi. Mmoja akamfuata, kisha wote, mpaka wale kumi waliomtaka abaki. Chumba kizima tumesimama tunampigia makofi mtu mzima anayeondoka.

Mzee Elia alituangalia kama tumeanza kuongea lugha asiyoijua. Halafu akainama kwenye bunda la funguo zake, akahangaika kutoa ule wa chumba. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, ukakataa kutoka, na sisi bado tunapiga makofi. Ulipotoka akauweka mezani, kando ya biskuti.

Akasema na uanachama pia anajitoa, tusije tukawa na kazi mara mbili.

Nilipokuwa nashuka Bwana Jayanti alikuwa anapima dengu. Akaniuliza, "Nani ameoa?"

Nikamweleza.

"Mmempigia makofi Elia," akasema. Hakuwa anauliza. Akamwaga dengu, akaanza kupima upya.

Wiki zikapita. Simu yangu haipokelewi. Nikatafuta sababu ya kwenda, nikakumbuka begi jekundu. Nikalifuta vumbi, nikapanda treni mpaka Kilburn.

Akafungua Neema. Huyu binti kazaliwa hapa, Kiswahili anakisikia chote ila anakujibu kwa Kiingereza. Nikamuuliza baba yuko wapi.

"Dad's at the hospital with Mum, Uncle Rama. He's always at the hospital."

Nikauliza mama anaumwa tangu lini. Akaniambia tangu mwanzoni mwa mwaka. Saratani. Madaktari wameshasema hawana kingine, wanamtuliza maumivu tu. Baba alikuwa anashinda wodini, kikao kikifika anakuja moja kwa moja kutoka huko, anapitia dukani kuchukua biskuti ili tusikae mikono mitupu. Hakutaka kutuambia kwa sababu Mama Neema hakutaka kuchangiwa akiwa hai.

Kisha akaniangalia vizuri. "He said you lot clapped."

Yaani baba yake alishamsimulia yale makofi.

Wakati nimesimama pale, Mzee Elia akawa anapanda ngazi. Amekonda. Akanisalimia vizuri kabisa, akaniuliza habari za soko. Hilo ndilo lililonimaliza. Angenifukuza ningejua pa kuanzia.

Nikamwambia mzee, sisi hatukujua. Akasema anajua hatukujua.

Nikamuuliza kuhusu mama, kama ikitokea. Akasema atazikwa hapahapa. Mama mwenyewe anataka kwao Ugweno, kwenye migomba ya baba yake, amelisema hilo tangu akiwa mzima, sisi sote tumelisikia akilisema huku anatugawia ndizi. Lakini Mzee Elia si mwanachama tena. Na kanuni yetu inasema aliyejitoa akirudi anangoja nusu mwaka kabla ya kusaidiwa. Kanuni hiyo aliipendekeza yeye mwenyewe, kuzuia watu wanaojiunga wakiwa tayari na mgonjwa.

Nikasema hilo dogo, tutaitisha kikao cha dharura, tutalipigia kura, litapita bila mtu kupinga.

Akaweka mkono kwenye kizingiti.

"Msinipigie kura tena, Rama."

Akaendelea, taratibu, kama anayenielekeza njia:

"Ulipomaliza kuhesabu mara ya pili, nilidhani utaniangalia. Kura ni haki yako. Ila nilidhani utaniangalia."

Nikamnyooshea begi, sikuwa na kingine cha kumnyooshea. Nikasema nimelileta la mama. Akalitazama sana. Akasema, "Kaa nalo. Siku ukienda nyumbani, nenda nalo mpaka Ugweno, uwaachie kaka zake. Angalau kitu chake kimoja kifike."

Akaingia. Mlango hakuubamiza, aliufunga tu.

Nimeshuka ngazi zile na begi tupu, wakuu, sijawahi kubeba mzigo kama ule, na mabegi ndiyo kazi yangu.

Nilimpigia Deo. Deo alilia kwenye simu, mhasibu yule. Yuko tayari kurudisha kiti, kuchana kanuni, kwenda kupiga magoti. Amekwenda, hakufunguliwa. Wale kumi nao wamejitolea kuchanga nje ya chama, Mzee Elia amekataa. Amewaambia hata wao walisimama.

Kwa hiyo fedha ipo. Ndege zipo. Kinachokosekana ni mzee mmoja kukubali, na hilo haliko sokoni. Nimejaribu kila bei ninayoijua.

Wale watakaoniambia demokrasia ndivyo ilivyo, nimewasoma kabla hamjaandika. Kanuni tulifuata zote. Lakini nilichojifunza ni hiki: hawa wenzetu wana mabenchi ya nyuma. Anayeangushwa anahamia benchi la nyuma, ana ofisi, analipwa, kesho anauliza swali bungeni na waliomwangusha wanamwita mheshimiwa. Sisi tulichukua kura na makofi, benchi la nyuma hatukuchukua. Mtu wetu akianguka, hana pa kukaa isipokuwa kwake, na mlango amefunga.

Na yeye alishatuambia njia yake. Wawili, nyumbani, chakula. Tukamcheka huku tunakula chakula hichohicho.

Begi nimeliweka kibandani, nyuma, mbali na ya kuuza. Juzi mteja amelionyesha kidole akauliza bei. Nikamwambia hilo haliuzwi. Akadhani nabana, akaongeza. Nikaongezewa mara tatu bei ya begi ambalo sina ruhusa hata ya kulirudisha.

Sasa naomba ushauri, na naomba wa kweli, hasa kutoka kwa Wapare na watu wazima humu. Neema ameniambia Jumapili hii mama yake analetwa nyumbani, madaktari wamekubali akae na familia siku zilizobaki. Mzee atakuwepo, hawezi kusingizia hospitali. Nataka kwenda.

Niende na nani? Deo, aliyeanza makofi, au Bwana Jayanti ambaye hakupiga? Tubebe chakula, au mtu aliyepinduliwa ukimpelekea sufuria unamtukana mara ya pili?

Na mlango ukifunguliwa, neno la kwanza liwe lipi? Pole ya mgonjwa, au msamaha? Nimeyapanga yote mawili mara mbili, na kila nikianza moja naona ningeanza na lile jingine.

Nasoma kila jibu. Jumapili haiko mbali.