Picha ya Palizi

Ipo siku moja isiyonitoka akilini, mwanangu Kabula, na simu yako ya jana imeirudisha nikiwa nimechoka hivi hivi, mgongo umekaza, miguu nimeiloweka kwenye beseni la maji ya moto. Najua wewe ni mjukuu wangu, lakini acha nikuite mwanangu. Nimekulea, na leo sina nguvu ya kupanga vizazi.

Umesema mwenye nyumba ya wageni kule Segese anazitaka picha zangu za mwaka wa shamba azitundike chumba cha kulia: kulima, kupanda, kuvuna, ngoma ya majembe. Zote, isipokuwa ya palizi. Wageni wake wanatoka machimboni wamechoka, hawataki kula huku wanatazama migongo iliyoinama. Nawe ukaniuliza kwa upole, maana una adabu, kama tunaweza kuiacha hiyo moja. Nikakuambia nitakujibu. Haya, leo nimepiga mimi, kaa unisikilize, na huyo mteja asubiri kidogo, chakula chake hakitapoa kwa sababu yangu.

Nilikuwa msichana, bado sijaolewa. Kazi hii nilifundishwa na mtawa mmoja pale Ushirombo: kuchonga picha kwenye ubao, kupaka wino, kulaza karatasi juu yake na kuisugua kwa mgongo wa kijiko mpaka picha ihamie. Parokia yetu ikaniomba picha za kazi za shamba za kupamba ukumbi siku ya misa ya mavuno. Nikachonga kulima, vijana wamenyanyua majembe kwa pamoja na mpiga ngoma yuko mbele yao. Nikachonga kupanda, nikachonga kuvuna pamba, nikamalizia na ngoma. Nilijiona sana siku hizo, nisikufiche.

Watu walijaa ukumbini wakijitafuta. Huyu anasema lile jembe ni la kwangu, yule anamcheka mwenzake kwa tumbo nililomchongea. Nilicheka nao mpaka mbavu zikauma.

Mayu alikuja mwisho. Ndivyo tulivyomwita mama, kwa Kisukuma. Yeye hakucheka. Alizipita picha zote, akarudi mwanzo, akazipita tena, uso karibu kabisa na karatasi. Nikadhani macho yanamsumbua. Kisha akajifunga kanga vizuri, akatoka bila kuniaga.

Jioni nilimkuta jikoni anachambua michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa. Nikamwuliza, tena kwa sauti ya mtu anayesubiri kusifiwa.

"Mayu, picha hazikukupendeza?"

"Zimependeza."

"Mbona umeondoka kimya?"

"Limi," akasema bila kuinua kichwa, "hilo shamba lako lilipaliliwa na nani?"

Nikamweleza kwamba palizi haina sura. Watu wameinama, matope meusi yamegandia majembe, magugu tele. Nani atataka kuitundika? Maneno yale yale ya mteja wako, sema mimi sikuwa hata na wageni wa kuwasingizia.

Akaweka ungo chini. "Nilikuwa namtafuta Masanja," akasema.

Masanja alikuwa mdogo wangu. Hujawahi kumsikia kwa sababu hatukuzoea kumtaja. Alizaliwa tumeshamaliza kupanda, akafa kwa homa kabla pamba haijapasuka. Mwaka ule chakula kilikuwa kimetuishia na kiduha kilikuwa kinaumaliza mtama, kile kigugu chenye vijiua vya zambarau, kwa hiyo mayu hakupata nafasi ya kukaa ndani kama wazazi wengine. Alimfunga mgongoni akarudi shambani. Mimi nilipalilia nyuma yake, na nilichokiona kutwa nzima ni kile kichwa kidogo kikitikisika kila jembe lilipogonga udongo. Maisha yake yote yalikuwa ni palizi. Tulipolima hakuwepo, tulipovuna hakuwepo, na mpiga picha alikuwa mbali, mjini. Hakuna popote sura yake ilipobaki.

"Nilisikia umechora mwaka mzima," mayu akasema. "Nikajua nitamwona."

Nililia, mwanangu. Wala hakunibembeleza, hakuwa mtu wa hivyo. Alinisogezea michembe nikaioshe. Nilipomaliza akaniambia, "Kesho uchonge. Ila usininyooshe mgongo, mtoto atateleza."

Nikachonga nilivyoambiwa. Aliitundika juu ya kitanda chake, na kila mchwa walipoila nilimchapia nyingine, mpaka alipofariki.

Sasa nikuambie na la kwangu. Hata mimi picha hii inanichosha. Kila nikifika na kijiko pale mgongoni mkono unapunguza mwendo wenyewe. Ubao umelika, na umelikia hapo hapo, kichwani kwa Masanja. Kwenye karatasi za mwisho nilizochapa anatoka kama doa la wino. Nimejaribu kuchonga ubao mpya, mikono inatetemeka, nimeishia kujikata. Ndiyo maana jana nilikuambia tu nitakujibu. Sikukasirika. Niliogopa kwamba ukikubali kuiacha, itakuwa imeachwa moja kwa moja, na mimi sitakuwa na nguvu ya kuirudisha.

Kwa hiyo mwambie bwana wa Segese picha zinakwenda zote au haziendi. Akikataa, akatae kwa amani. Michembe nimeila sana, nitaila tena. Labda pia hawajui vizuri wageni wake. Anayeinama shimoni kutwa nzima huenda akamwona mama yake pale.

Na wewe, mwanangu, ukipewa kazi ya kueleza maisha ya watu wako, kwa picha au kwa mdomo, usiiruke miezi iliyowakunja. Wataje wakicheza, lakini wataje na wakiwa wamechoka, kwa sababu huwezi kujua ni nani walikuwa wamembeba wakati huo. Ukiwanyoosha migongo ili wapendeze, kuna mtu unamwangusha.

Chini ya kitanda changu kuna kipande cha mninga nilichokuwekea. Njoo kutoka Nyasubi Jumamosi, mimi nitakaa, wewe utachonga. Tutaanza na kichwa cha mtoto, nikiwa bado naona vizuri kukuambia kilivyolala.

Mungu akulinde barabarani, mwanangu. Akupe mvua kwa wakati wake na mikono isiyotetemeka mapema kama yangu. Akupe mtoto wa kumbeba, na umri wa kumwona akishuka mgongoni mwako, akatembea mwenyewe.