Kibanda cha Dagaa na Kijiji Kinachobeba Nyumba

Kusini mwa kisiwa cha Sulawesi, nchini Indonesia, kuna kijiji ambacho hakimo katika ramani nyingi, na katika zile chache ambamo kimo, kimewekwa ng'ambo ya mto usio wake. Kimezungukwa na mashamba ya mpunga ambayo wakati wa mvua huwa maji matupu na wakati wa kiangazi huwa nyufa tupu. Mashariki yake kuna ziwa lisilo na kina, linalopanda na kushuka kiasi kwamba mvuvi hawezi kukwambia kwa hakika anaishi umbali gani kutoka ufukweni. Wanawake hufuma hariri. Wanaume hulima, huvua na kubishana juu ya bata, kwa sababu bata wa eneo hilo hutembezwa kwa makundi kutoka shamba hadi shamba kula masalia ya mavuno, na bata hawatambui mipaka. Nyumba ni za mbao, zimesimama juu ya nguzo zinazomzidi mtu kimo. Chini yake hukaa kuku, pikipiki, na kitanda cha mianzi kwa ajili ya wageni ambao hawajafikia daraja la kupandishwa ngazi.

Katika kijiji hicho kiwanja ni mali moja na nyumba ni mali nyingine. Mtu aweza kuuza kiwanja akabaki na nyumba, na akishauza, nyumba haina budi kuondoka. Basi huondoka. Siku ya Ijumaa, baada ya sala, wanaume hufunga mianzi mirefu chini ya sakafu, huingia chini yake, hunyanyua kwa mabega, na nyumba hutembea.

Nilikaa huko msimu mmoja wa mavuno, nilipokuwa bado nafundisha jiografia chuoni. Niliona nyumba ya mwenyeji wangu ikihamishwa huku mama yake mzazi akiwa ndani, kwa kuwa alikataa katakata kushuka kabla hajamaliza chai yake. Alikaa dirishani, kikombe mkononi, akiwalaumu wabebaji kwa kila shimo walilolikanyaga. Kuku waliokuwa wakiishi chini ya nyumba walibaki wamesimama juani, wakitazama paa lao likienda zake. Niliporudi Toronto niliandika makala ndefu juu ya kijiji na eneo lake: udongo, mifereji, umiliki wa ardhi, ufumaji. Nina hakika ilisomwa na mhariri, ingawa si yote. Ndugu zangu hawakuisoma. Waliisikia mezani tu, na katika yote niliyoyaeleza walishika jambo moja: kwamba mjomba alikwenda mahali ambapo watu hubeba nyumba.

Hayo ndiyo yaliyokuwa ya upande wa Sulawesi. Ya upande wa Markham, kaskazini mwa Toronto, yalikuwa haya. Dada yangu mkubwa, mjane, mzaliwa wa Tanga kama mimi, alikuwa ameuza nyumba yake, ambayo sasa ilikuwa kubwa kupita haja, ili ahamie kwa mwanawe katika mtaa uleule. Nyumba zote mbili zinapakana kwa nyuma na ukanda mrefu wa majani unaopita chini ya nyaya kubwa za umeme, ambako watu wa mtaa hutembeza mbwa wao. Nyuma ya nyumba ya dada kulikuwa na kibanda cha mbao chenye mlango, rafu, na dirisha la kusukuma nje, alichojengewa na marehemu mumewe. Ndani yake kulikuwa na jiko la gesi. Humo dada yangu alikaanga dagaa.

Sababu ya kibanda ni ya kisayansi. Katika nchi ya baridi harufu ya dagaa haina pa kwenda. Madirisha hukaa yamefungwa miezi mingi, makoti hutundikwa karibu na mlango, na koti lililopata dagaa mwezi wa Desemba huendelea kuwahadithia abiria wa treni hadi Machi. Mke wa mpwa wangu, aliyezaliwa na kukulia hapahapa, alimpenda mama mkwe wake kwa dhati na alimwandalia chumba chenye jua. Alikuwa na sharti moja tu: ndani ya nyumba yake dagaa hawataingia jikoni wakiwa na uhai wala baada ya hapo. Dada yangu naye alikuwa na lake: pasipo kibanda, hahami. Wanunuzi wa nyumba walitaka uwanja uwe mtupu ifikapo Jumatatu. Kampuni ya uhamishaji ilijibu kwa adabu kwamba huhamisha vilivyomo ndani ya nyumba, nyumba zenyewe haizihamishi.

Dada akanipigia simu.

"Wewe si ndiye uliyekwenda kule wanakobeba nyumba?"

"Nilikwenda kutazama, Dada. Sikubeba."

"Msimu mzima ukatazama tu? Kwani chuo kilikupeleka sinema?"

"Kibanda kina sakafu nzito, na kuna hatari ya—"

"Mdogo wangu, mimi sijakuuliza uzito. Nakuuliza utakuja saa ngapi."

Nilikwenda Jumamosi asubuhi. Mpwa wangu alikuwa amekusanya wenzake wa msikitini. Kwa upande wangu nilimleta jirani yangu wa mtaa wa Flemingdon Park, mtu wa Bukavu, kiongozi wa kwaya ya kanisa lao, pamoja na waimbaji wake. Nilikuwa nimemwomba hasa waimbaji wa besi, nikiamini, bila ushahidi wowote wa kitaalamu, kwamba mwenye sauti nzito ana mabega mazito. Alileta soprano wengi. Tuliziondoa mbao za ua wa nyuma wa nyumba zote mbili, tukautoa mtungi wa gesi, tukapitisha nguzo ndefu chini ya sakafu na kuzifunga kwa kamba. Kisha nikapanda juu ya ndoo nikaeleza utaratibu wa kijijini: kwanza chai na vitafunio vyepesi, kisha nyumba, na chakula chenyewe mwisho, nyumba ikishatulia mahali pake.

Dada yangu alikuwa mlangoni na mwiko.

"Watu wamepanda mabasi tangu alfajiri, mimi niwape chai kavu?"

"Si kavu, Dada. Chai na mandazi. Mwenyeji wangu alisema ukiwalisha kwanza, nyumba italala njiani."

"Mwenyeji wako hakuwahi kupika pilau ya watu wazima ikapoa huku anaitazama."

Tulipatana kwamba chakula kitasubiri angalau mpaka kibanda kitoke uani. Kiongozi wa kwaya akaanzisha wimbo, sote tukanyanyua, na kibanda kikapaa. Nakiri kwamba nilisisimka. Makala yangu yote ilikuwa haijawahi kuinua chochote.

Tatizo la kwanza lilitokea kwenye pengo la ua. Mbele kabisa, chini ya nguzo moja, walikuwa wazee wawili: imamu mstaafu kutoka Tanga na shemasi kutoka Bukavu. Walipofika penye pengo wote wawili walisimama.

"Tangulia, mzee mwenzangu," alisema imamu.

"Hapana, Papa, weye kwanza. Mimi ni mugeni hapa."

"Mgeni ndiye hutangulia."

"Wee! Mbele ya mukubwa? Haiwezekani!"

"Wazee wangu," nilisema, "mmebeba mti mmoja. Hakuna anayeweza kumtangulia mwenzake."

"Profesa, hilo tunalijua," alijibu imamu kwa upole, jasho likimtiririka. "Lakini mtu hawezi kujipitisha tu kama mbuzi."

Nyuma yao soprano mmoja alipiga ukelele ambao haukuwamo kwenye wimbo. Hatimaye wazee walikubaliana kwamba wote wawili wapite kinyumenyume, ili isionekane kuwa kuna aliyetangulia, na kibanda kikatoka uani, na kikatua katikati ya ule ukanda wa majani chini ya nyaya za umeme, ili watu wapumue.

Hapo ndipo dada yangu alipotokea na sufuria. Alikuwa ametimiza sharti: kibanda kilikuwa kimetoka uani. Aliwaamuru vijana waurudishe mtungi wa gesi ndani ya kibanda, akaingia, akafungua dirisha, akaanza kupakua. Pilau ilikuwa na nyama, zabibu na viazi. Kulikuwa na kachumbari, na ndizi mbivu pembeni. Nilijaribu kutaja tena utaratibu wa kijijini. Nilipewa sahani, nami nikala.

Baada ya chakula wabebaji walilala juu ya majani kama nguo zilizoanikwa. Kiongozi wa kwaya alijaribu kuwaamsha kwa wimbo, akaishia kuimba wa kubembelezea watoto. Tulijaribu kunyanyua mara moja: kibanda kilifika usawa wa magoti, ukasikika mguno mkubwa, kikarudi chini.

"Papa Profesa," alisema kiongozi wa kwaya akijishika tumbo, "hii nyumba asubuhi ilikuwa nyepesi."

Mchana ulikuwa wa jua, na waliokuwa wakitembeza mbwa walianza kupita. Sasa jiweke mahali pao. Kwenye uwanja wa umma, ambapo jana hapakuwa na kitu, kuna kibanda cha mbao. Dirishani kuna mama aliyejifunga kanga, mwenye mwiko. Mbele yake wateja wengi wameshiba na wamelala. Mwanamke mwenye mbwa wawili wakubwa alisimama, akatazama juu ya dirisha akitafuta bei, akauliza kuna chakula gani leo.

"Kula," alisema dada yangu kwa Kiingereza, akamkabidhi sahani.

Mwanamke akatoa kadi ya benki. Dada yangu akaitazama ile kadi kwa huzuni, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mgonjwa.

"Mwambieni huyu," alituambia kwa Kiswahili, "aiweke hiyo. Nanyi niongezeeni sahani, hizi chafu zimejaa."

Nyuma yake alikuja bwana mwenye kijimbwa kilichovalishwa sweta, kisha mume na mke waliokuwa wakikimbia mazoezi. Foleni ikajipanga yenyewe, kama foleni za mji huu zinavyofanya, kila mtu akiacha nafasi ya heshima. Wabebaji wa msikitini walikusanya miguu yao kwa adabu kuwapisha mbwa. Bwana wa kijimbwa aliniuliza kama tuna kibali cha manispaa. Nilimweleza kwamba hii si biashara, ni nyumba iliyo safarini, na nikaanza kumsimulia juu ya umiliki wa ardhi huko Sulawesi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kachumbari ni nzuri.

Pilau iliisha. Jua lilikuwa limeanza kuinama, na kibanda kilikuwa bado pale. Mpwa wangu alinivuta kando.

"Mjomba, kikibaki hapa mpaka Jumatatu, manispaa watakichukua wao. Na Mama atarudi kwenye nyumba aliyokwisha kuiuza, akae sebuleni. Unamjua."

Nilimjua. Nilikwenda dirishani nikamwambia dada yangu kwamba watu wetu hawawezi kubeba tena, na kwamba itabidi tukubali. Alikunjua kanga, akaikaza upya, akatazama foleni iliyokuwa ikirudisha sahani.

"Hawa je?"

"Hao ni wapita njia, Dada. Hatuwajui."

"Wamekula kwangu."

"Huwezi kuwaambia wageni—"

Alikwisha kuwaambia. Aligonga ukingo wa dirisha kwa mwiko na kutangaza, kwa Kiingereza kifupi kisicho na nafasi ya mjadala, kwamba chakula kimekwisha na sasa kila mmoja ashike nguzo. Nilitarajia watatawanyika. Walifurahi kupita kiasi. Wale wakimbiaji walianza kunyoosha misuli. Mwanamke wa mbwa wawili aliwakabidhi mbwa wake kwa shemasi, ambaye hakuwa amewaomba. Dada yangu tulimsihi ashuke, akasema sufuria zake zimo jikoni na yeye yumo pamoja nazo. Tulitoa mtungi wa gesi, naye akabaki.

Wageni hawa walikuwa na ubora mmoja: hawakumjua mkubwa wala mdogo, kwa hiyo hakuna aliyemkaribisha mwenzake. Walinyanyua na kuondoka. Soprano wakaamka na kuimba. Kibanda kilikwenda kasi kuliko nyumba yoyote niliyoiona Sulawesi, dada yangu akiwa dirishani akilaumu kila shimo, na mimi nikikimbia mbele. Nilikuwa nimepanga kwa uangalifu kwamba kabla ya kuingia uani kwa mpwa wangu, kibanda kigeuzwe nusu mzunguko, ili mlango na dirisha vielekee nyuma, kwenye majani, na harufu ielekee huko. Tulipokaribia, niliinua mkono juu na kuuzungusha kuashiria wageuze.

Walinipungia.

Wakaingia moja kwa moja, wakakitua, wakapiga makofi, wakapeana mikono na kila mtu, wakachukua mbwa wao na kwenda zao. Kibanda kilikuwa kimekaa sawasawa, bila ufa. Dirisha lake lilikuwa limetazamana na dirisha la jiko la nyumba, kwa karibu kiasi cha kupitishiana chumvi. Katika dirisha moja alikuwa dada yangu. Katika lile la pili alikuwa mke wa mpwa wangu, na kikombe cha kahawa.

"Mama," alisema kwa Kiingereza, taratibu, "hiki kitageuzwa, sivyo?"

"Karibu, mwanangu," alijibu dada yangu kwa Kiswahili. "Sasa tutaonana kila siku."

Mke wa mpwa wangu alinitazama mimi. Nikawatazama wabebaji wetu. Imamu alisema wiki ijayo, Mungu akipenda. Kiongozi wa kwaya alisema wiki ijayo wana mazoezi.

Dada yangu alihamia Jumapili, na Jumatatu alikabidhi funguo za nyumba ya zamani. Kibanda hakikugeuzwa. Dagaa hukaangwa humo kila Jumatano, na mke wa mpwa wangu, ambaye siku nyingine hufanyia kazi zake nyumbani, Jumatano huenda ofisini.